Petroli au Dizeli? Piga Hesabu Hii Kabla ya Kununua Gari la Mkono wa Pili Kitale au Bungoma

Msimu wa mahindi ukiisha Trans Nzoia na malipo yakianza kuingia kwenye simu, watu wengi huanza kutafuta gari. Wengine wameuza magunia, wengine wamepata mkopo wa sacco, na wengine ni chama cha watu watano wanaotaka pikapu ya biashara. Mkiulizana, swali halikosi kuwa lile lile: tuchukue ya petroli au ya dizeli?

Dalali atakuambia, "Boss, chukua dizeli, haili mafuta." Jirani naye atakuambia, "Usijaribu dizeli, ikiharibika utauza shamba." Wote wawili wana ukweli kiasi, lakini hakuna aliyekuuliza unaenda wapi na gari, umbali gani, na umebeba nini. Jibu la kweli liko hapo. Na kwa kuwa gari ni moja ya malipo makubwa ambayo wateja wetu watawahi kufanya maishani, tumeona ni vyema tupige hesabu pamoja kabla hujaweka namba ya siri.

Bei ya mafuta: pengo limepungua

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya EPRA hutangaza bei za juu za mafuta zitakazotumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bei hutangazwa mji kwa mji. Mombasa huwa chini kwa sababu meli hushushia mafuta hapo, na sisi wa huku magharibi huongezewa gharama ya usafirishaji. Kwa hiyo bei unayosikia kwenye redio ikisemwa ni ya Nairobi, usidhani ndiyo utakayoikuta kwenye sheli ya Kitale au Kanduyi.

Wengi bado wanaamini kwamba dizeli ni rahisi sana kuliko petroli. Hebu tuangalie bei za Nairobi. Januari 2022, lita ya petroli ilikuwa Sh129.72 na dizeli Sh110.60. Pengo lilikuwa Sh19.12. Oktoba 2023, bei zilipopanda kweli kweli, petroli ilifika Sh217.36 na dizeli Sh205.47, pengo la Sh11.89. Mwanzoni mwa 2025, petroli ilikuwa Sh176.58 na dizeli Sh167.06. Pengo wakati huo lilikuwa Sh9.52.

Maana yake ni nini? Ule msemo wa "dizeli ni bei ya chini" umeisha nguvu. Ukinunua gari la dizeli leo, faida yako kubwa haitoki kwenye bei ya lita. Inatoka kwenye idadi ya lita. Injini ya dizeli hugandamiza hewa kwa nguvu zaidi, na lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli, kwa hiyo gari la uzito ule ule huenda mbali zaidi kwa lita moja. Faida hiyo ipo. Lakini inakulipa tu ukiwa unatembea.

Hesabu ya watu wawili

Tuchukue mfano. Kuna magari mawili ya aina moja, moja petroli na moja dizeli. La petroli linaenda kilomita 10 kwa lita. La dizeli linaenda kilomita 12.5 kwa lita. Bei ya petroli tuseme ni Sh180, dizeli Sh170. La dizeli linauzwa Sh200,000 zaidi. (Hizi ni namba za mfano. Wewe weka zako.)

Kwa kilomita 100, gari la petroli litakula lita 10, yaani Sh1,800. La dizeli litakula lita 8, yaani Sh1,360. Tofauti ni Sh440 kwa kila kilomita 100, au Sh4.40 kwa kilomita moja.

Sasa gawanya ile nyongeza ya bei kwa tofauti hiyo: 200,000 kwa 4.40. Utapata kama kilomita 45,500. Huo ndio umbali ambao gari la dizeli lazima litembee kabla halijarudisha pesa uliyoongeza. Kabla ya hapo, bado unajilipa deni.

Mtu wa kwanza ni mwalimu anayeishi Kiminini. Anaenda shule siku tano kwa wiki, kanisani Jumapili, na mara moja kwa mwezi anaenda nyumbani Bungoma. Jumla ni kilomita 600 kwa mwezi. Kwa mwezi anaokoa Sh2,640. Itamchukua zaidi ya miaka sita kurudisha Sh200,000 zake, na hapo hatujahesabu fundi.

Mtu wa pili ni mfanyabiashara anayetoa nafaka Endebess na Cherangani, anapeleka Chwele, Webuye na wakati mwingine Malaba. Anatembea kilomita 3,500 kwa mwezi. Anaokoa Sh15,400 kila mwezi. Baada ya miezi 13 pesa yake imerudi, na kuanzia hapo ni faida.

Gari ni lile lile na bei ni ile ile, lakini majibu ni mawili tofauti. Ndiyo maana ushauri wa jirani hauwezi kuwa wako mpaka ujue jirani anatembea kilomita ngapi.

Utajuaje kilomita zako?

Kama tayari una gari au unatumia la kukodi, fanya hivi kwa miezi miwili: kila ukijaza mafuta, lipa kwa simu, usilipe taslimu. Jaza tenki hadi juu, rudisha kilomita za safari kuwa sufuri, na ukijaza tena hadi juu, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoweka. Mwisho wa mwezi, omba taarifa ya miamala yako kwenye simu. Utaona jumla ya mafuta bila kukisia.

Kama huna gari, taarifa hiyo hiyo bado itakusaidia. Angalia nauli za matatu na boda ulizolipa. Zinaonyesha mahali unapoenda kweli kila wiki, wala si mahali unapofikiri utakuwa unaenda ukishapata gari. Watu wengi hununua gari kwa ajili ya safari ya Desemba, halafu miezi kumi na moja inayobaki linawapeleka sokoni na kurudi.

Mzigo na mwinuko

Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hiyo gari dogo la petroli lisilo na turbo, likiwa Kitale, limeshapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu lililotengenezwa nayo. Ukiwa peke yako hutahisi sana. Ukiwa na watu watano na magunia mawili nyuma, ukipanda kutoka Kimilili kuelekea Kapsokwony, utahisi.

Magari mengi ya dizeli ya siku hizi yana turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Pia dizeli ina nguvu ya kuvuta ikiwa polepole, bila kukanyaga sana. Gunia moja la mahindi ni kilo 90. Magunia kumi ni kilo 900, karibu tani moja. Kwa kazi kama hiyo, kwenye njia ya matope wakati wa mvua, pikapu ya dizeli haina mjadala mrefu.

Lakini kama mzigo wako ni watoto wawili na kikapu cha sokoni, hiyo nguvu utakuwa umeinunua na hutaitumia. Probox nyingi unazoziona barabarani ni za petroli, na kazi wanayopewa unaijua.

Dizeli ya zamani si dizeli ya sasa

Hapa ndipo watu wengi huumia. Mzee aliyekuwa na pikapu ya dizeli miaka ya tisini atakuambia haikuwahi kumsumbua. Ni kweli. Injini zile zilikuwa na pampu ya kawaida na nozeli ambazo fundi wa jua kali aliweza kuzifungua na kuzirekebisha.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo dizeli zinazoingia sasa kutoka Japani ni za kisasa. Zina injekta zinazoendeshwa kwa kompyuta na kwa presha kubwa sana. Nyingi zina pia chujio la kunasa masizi kwenye ekzosti, ambalo mafundi huliita DPF.

Chujio hilo hujisafisha lenyewe kwa kuchoma masizi, lakini linahitaji joto. Joto linapatikana gari likitembea kwa mwendo mzuri kwa muda, kwa mfano kutoka Kitale hadi Eldoret, kama kilomita 70 za lami. Ukiwa wa kutoka nyumbani hadi mjini kilomita nne, unazima, unarudi kilomita nne, chujio halipati joto la kutosha. Masizi yanajaa, taa inawaka kwenye dashibodi, gari linakosa nguvu, na mwishowe linakataa kabisa. Wenye gari huambiwa wang'oe chujio, au walinunue jipya kwa pesa nyingi. Yule mwalimu wa Kiminini ndiye mtu hasa ambaye hili humpata.

Na injekta? Injekta moja mpya inaweza kumaliza ile akiba ya mwalimu ya mwaka mzima, ambayo ni Sh31,680 tu. Injini ya silinda nne ina injekta nne. Kabla hujanunua, jiulize: fundi wa pampu na injekta mwenye mashine ya kupima, aliye karibu nami, yuko wapi? Kama jibu ni Eldoret, basi ongeza gharama ya kuvuta gari kwenye hesabu yako.

Ubora wa mafuta

Dizeli ya kisasa haipendi mafuta mabaya. Zamani uchanganyaji wa mafuta taa kwenye dizeli ulikuwa umeenea kwa sababu mafuta taa yalikuwa ya bei ya chini. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia mchezo huo. Hali imebadilika, lakini bado kuna mafuta ya madumu barabarani, na maji huweza kuingia humo. Mafuta taa hayalainishi pampu na injekta kama dizeli inavyofanya, na maji huziua kabisa. Jaza kwenye sheli inayoeleweka, lipa kwa namba ya till ya sheli yenyewe, na uhifadhi ujumbe. Siku ukipata mafuta mabaya, ule ujumbe wenye tarehe, saa na jina la kituo ndio ushahidi wako.

Jambo lingine dogo: mwambie mhudumu "dizeli" kwa sauti kabla hajashika bomba. Petroli ikiingia kwenye tenki la dizeli, usiwashe gari. Sukuma pembeni, ita fundi amwage mafuta yote. Ukiliwasha tu, ile petroli inapita kwenye pampu na hasara inakuwa kubwa mara nyingi.

Kwa nini dizeli kubwa huuzwa ghali

Sehemu ya jibu ni ushuru. Gari la dizeli lenye injini inayozidi cc 2,500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 linapoingizwa nchini. La petroli halifikii kiwango hicho mpaka lizidi cc 3,000. Ndiyo maana Prado ya petroli ya cc 2,700 iko kwenye kundi la asilimia 25, na ya dizeli ya cc 2,800 iko kwenye kundi la asilimia 35. Hata ukinunua kwa mtu wa Bungoma aliyekwisha kulitumia, ile tofauti ya ushuru bado inajificha ndani ya bei anayokuitisha.

Ukienda kuliona gari

Nenda asubuhi mapema, na umwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Baridi ya asubuhi ya Kitale ni kipimo kizuri. Shika boneti, kama ni moto, uliza kwa nini.

Liwashe mwenyewe. Dizeli nzima itashika haraka baada ya taa ya plagi za joto kuzima. Ikisumbua muda mrefu, kuna tatizo la plagi hizo, la injekta, au la injini yenyewe.

Angalia moshi. Moshi mweusi mwingi unaonyesha mafuta yanazidi hewa: huenda ni injekta, turbo au chujio la hewa. Moshi wa bluu ni oili inaungua, iwe ni petroli au dizeli. Moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikipumua kwa nguvu na kurusha oili, ringi zimechoka. Kwa gari la petroli, angalia pia plagi na koili, na uhakikishe ekzosti haijakatwa na kung'olewa vitu.

Mwisho, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, aunganishe kompyuta asome hitilafu. Kisha mpande mlima pamoja. Barabara tambarare haisemi ukweli.

Pesa: usiitume kabla ya haya

Utapeli wa magari hufuata mtindo mmoja. Picha nzuri, bei ya chini, na muuzaji "yuko bandarini Mombasa" au "anahama nchi". Anakuomba Sh20,000 tu "ya kushikilia gari, kuna mtu mwingine anakuja." Usitume. Hakuna haja ya kulipia gari ambalo macho yako hayajaliona.

Kabla ya malipo yoyote, fanya mambo haya:

Kwanza, tafuta rekodi ya gari NTSA kupitia eCitizen. Utaona mwenye gari ni nani, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Ada za serikali hulipwa kupitia paybill ya eCitizen, 222222. Mtu akikuambia umtumie yeye kwenye namba yake ili "akufanyie search haraka", kataa.

Pili, linganisha jina la kwenye rekodi, jina la kwenye kitambulisho, na jina linalojitokeza kwenye simu unapotaka kutuma. Majina matatu yakitofautiana, simama hapo. "Ni ya ndugu yangu" si jibu. Ndugu aje mwenyewe.

Tatu, kumbuka gari linaweza kuwa dhamana ya mkopo. Tangu sheria ya mwaka 2017, kuna sajili ya dhamana za mali inayohamishika, na inaweza kupekuliwa. Ukinunua gari lenye deni, mwenye deni anaweza kulifuata hadi kwako.

Nne, andikeni mkataba mbele ya wakili, wenye namba ya chesisi na ya injini. Hakikisha namba ya injini ni ile iliyo kwenye rekodi, na aina ya mafuta pia, maana yapo magari yaliyobadilishwa injini.

Tano, panga malipo kulingana na mipaka. Tangu 2023, Benki Kuu imeruhusu akaunti ya pesa kwa simu kubeba hadi Sh500,000. Bei ya magari mengi inazidi hapo. Lipa sehemu kubwa kupitia benki, na sehemu ya mwisho mkiwa wote wawili mmeingia kwenye mtandao wa NTSA: muuzaji aanzishe uhamishaji, nawe uukubali. Wewe unayeuza nawe, usiachie ufunguo kwa sababu umeonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mtu. Ujumbe unaweza kughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe.

Basi uchague lipi?

Kama unatembea chini ya kilomita 1,000 kwa mwezi, safari fupi za mjini, na mzigo mwepesi, petroli itakupa usingizi. Vipuri ni rahisi kupata, fundi wa karibu anaijua, na ukitaka kuuza, gari dogo la petroli mara nyingi halikai.

Kama unabeba mzigo, unapanda milima, na unatembea zaidi ya kilomita 2,500 kwa mwezi kwenye barabara ndefu, dizeli itakulipa, mradi umetenga pesa ya matengenezo tangu siku ya kwanza. Ukiokoa Sh15,000 za mafuta kwa mwezi, weka Sh5,000 kando kwenye akaunti ya akiba ya simu na usiiguse. Siku injekta ikigoma, hutakimbilia mkopo wa haraka wenye riba kali.

Kama uko katikati ya hapo, chukua karatasi. Andika nyongeza ya bei, gawanya kwa unachookoa kwa kilomita, kisha gawanya kwa kilomita zako za mwezi. Ukipata miezi inayozidi muda unaopanga kukaa na hilo gari, umeshajibiwa, hata dalali aseme nini.